Iringa mjini na Hifadhi ya Ruaha kwa safari moja: jinsi ya kuipanga mwenyewe

Likizo ikikaribia, simu zinaanza. "Kaka, Ruaha unaingiaje?" "Iringa kuna nini cha kuona?" "Laki tatu itatosha?" Wanaouliza ni ndugu na marafiki wa Dar, Mbeya na Dodoma, na maswali yao hayabadiliki, kwa hiyo nimeyajibu yote hapa. Mwongozo huu ni wa Mtanzania anayejipangia mwenyewe, mwenye siku nne au tano, anayetaka kuonja mji wa Iringa na kulala usiku mmoja au miwili huko kwenye wanyama. Anayeshuka na ndege ndogo uwanja wa Msembe na kupokelewa na gari la loji hana haja nao.

Shika jambo moja kabla ya yote: kinachokula pesa ni gari, si kiingilio. Watu hukesha wakiulizia tiketi ya hifadhi, ambayo kwa Mtanzania ni rahisi kuliko sahani ya chipsi kuku, halafu wanafika stendi ya Iringa ndipo wanaanza kutafuta gari la kuwapeleka porini. Hapo dereva anakutazama begi lako na kukutajia bei anayotaka yeye. Panga gari kwanza, mengine yatafuata.

La pili ni jina. Ruaha Mbuyuni siyo Hifadhi ya Ruaha. Ruaha Mbuyuni ni ule mji mdogo wa vitunguu kwenye barabara kuu, chini ya mlima Kitonga, ukitokea Morogoro. Hifadhi iko upande wa pili kabisa, magharibi ya Iringa mjini, na makao yake makuu ya Msembe yako kilomita kama 130 kutoka mjini. Kuna watu walishuka Mbuyuni na mabegi yao wakauliza geti liko wapi. Ukikata tiketi ya basi, sema "Iringa mjini", basi.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kitambulisho cha NIDA, au hata namba yake pamoja na kitambulisho kingine. Bila uthibitisho wa uraia unaweza kutozwa kiwango cha mgeni, na hicho huhesabiwa kwa dola.
- Pesa kwenye simu au kadi ya benki. Getini hawapokei noti mkononi.
- Pesa taslimu kidogo kwa ajili ya kijijini, bajaji na chakula cha njiani.
- Sweta au koti zito, na pia nguo nyepesi. Iringa mjini iko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na Juni na Julai baridi yake si ya mchezo. Hifadhini ni bondeni, joto la Oktoba linakausha koo.
- Nguo za rangi ya kaki, kijivu au majani makavu. Acha nyumbani bluu iliyokolea na nyeusi, maana mbung'o wanazipenda rangi hizo kupita kiasi.
- Darubini, hata ya kuazima, moja kwa kila watu wawili. Wanaogombea darubini moja hununiana kabla ya saa sita mchana.
- Dawa ya mbu, dawa zako za kawaida, kofia, tochi, pawa benki.
- Mifuko ya nguo au kikapu cha kubebea vyakula. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, na hifadhini ndiyo kabisa hawataki kuiona.

Hatua ya 1: Chagua tarehe kwa kufuata mvua, si kwa kufuata likizo tu

Kiangazi cha kusini ni Juni hadi Oktoba. Majani yanapungua, maji yanabaki sehemu chache, wanyama wanajikusanya huko huko. Kwa mtu anayekwenda mara ya kwanza, Agosti hadi Oktoba ndiyo miezi ya kumshauri. Mto Ruaha Mkuu wenyewe umekuwa ukikatika kiangazi tangu mwaka 1993, kwa sababu maji mengi yanatumika juu huko Usangu kabla hayajafika hifadhini. Kwa hiyo usishangae ukiona mto mkubwa umebaki madimbwi. Viboko na mamba wote wamebanana humo.

Kuanzia Desemba hadi Aprili ni masika. Mandhari ni ya kijani, ndege ni wengi ajabu (Ruaha ina zaidi ya aina 500), wageni ni wachache na bei za malazi hulegea. Lakini majani ni marefu, simba anaweza kuwa hatua chache kutoka barabarani usimwone, na baadhi ya njia za ndani hazipitiki kwa tope. Kama likizo yako ni ya Krismasi tu, nenda, ila chukua gari la foo wili lenye nguvu na uwaambie watoto mapema kwamba huenda wakaona tembo na twiga wasione simba.

Angalia pia kalenda ya mji. Iringa ina vyuo vikuu kadhaa, na msimu wa mahafali gesti nzuri zinajaa wazazi.

Hatua ya 2: Kusanya watu wa kujaza gari

Nimekwambia gari ndilo bajeti. Tupige hesabu ya mfano, maana bei hupanda na kushuka na mafuta. Tuseme Landikruza yenye paa la kufunguka, pamoja na dereva na mafuta, ni Sh 500,000 kwa siku, na unaitumia siku mbili. Hiyo ni Sh 1,000,000. Mkiwa wawili, kila mmoja anabeba laki tano. Mkiwa sita, kila mmoja anabeba laki moja na elfu sitini na kitu. Hakuna punguzo lingine lolote kwenye safari hii linalofikia hilo.

Sita ni idadi nzuri kwa gari moja. Saba inawezekana, lakini mmoja atakosa dirisha na atawakumbusha njia nzima. Kusanya michango mapema kwa simu, na asiyetoa angalau nusu wiki mbili kabla mhesabu kuwa haendi. Kundi la WhatsApp lenye watu kumi na tano wanaosema "nipo" huwa linatoa watu wanne.

Hatua ya 3: Shika gari kwa makubaliano ya maandishi

Magari ya kwenda Ruaha yanapatikana Iringa mjini kwa kampuni ndogo za utalii, na mengine Tungamalenga, kijiji kilicho njiani karibu na hifadhi. Ukichukua la Tungamalenga unaweza kwenda kijijini kwa basi na kulipia gari kwa mizunguko ya ndani tu. Ni nafuu zaidi, lakini basi la kijijini lina muda wake, kwa kawaida linatoka mjini mchana na kurudi alfajiri, hivyo ratiba yako inakuwa ya basi.

Unapoongea na mwenye gari, uliza haya na uyaandike kwenye ujumbe wa simu ili yabaki:

- Bei ni pamoja na mafuta, na mafuta ya mizunguko ya ndani pia?
- Posho, chakula na malazi ya dereva ni juu ya nani?
- Kiingilio cha gari hifadhini ni juu ya nani?
- Dereva anaijua Ruaha, au anajua barabara ya kufika getini tu?
- Gari likiharibika, kuna lingine?

Swali la nne ndilo zito. Ruaha ina zaidi ya kilomita za mraba 20,000, na ilikuwa hifadhi ya taifa kubwa kuliko zote nchini hadi ilipoanzishwa ya Nyerere mwaka 2019. Dereva asiyeijua atakuzungusha barabara moja kutwa nzima. Mpime kwa kumuuliza wanyama wako wapi mwezi huo. Anayejua atakutajia mto kwa jina: Mwagusi, Mdonya, au ukingo wa Ruaha yenyewe. Asiyejua atakwambia "wanyama wapo wengi tu, bosi".

Gari lako dogo la nyumbani? Kiangazi linaweza kufika, wapo wanaolipeleka. Lakini ukiwa ndani yake unaona majani, na wenzako waliokaa juu wanaona chui.

Hatua ya 4: Amua utalala wapi

Kosa kubwa la anayeanza ni kutaka kwenda na kurudi siku moja kutoka Iringa. Barabara peke yake ni saa tatu hivi kwenda na tatu kurudi. Utaingia hifadhini jua limepanda, simba wamelala kivulini, na utatoka kabla hawajaamka. Lala huko angalau usiku mmoja.

Una njia tatu za kawaida. Ya kwanza ni mabanda na nyumba za TANAPA pale Msembe, ndani ya hifadhi. Si ya kifahari, lakini alfajiri unaamkia porini, na ndiyo ninayowapendekezea wengi. Piga simu ofisi ya hifadhi kushika nafasi, na beba chakula chako. Ya pili ni kambi na gesti za Tungamalenga, nje ya hifadhi. Kuna maduka, kuna mama lishe, na bei inakubali mfuko. Ya tatu ni loji za ndani. Nyingi zimepangiwa wageni wa dola, ingawa baadhi zina bei ya mkazi ukiuliza, hasa masika.

Mjini Iringa huna haja ya kuhangaika, gesti na hoteli zipo za kila kiwango. Chukua iliyo juu mjini, isiwe kule chini barabara kuu ambako malori hayalali.

Hatua ya 5: Fika Iringa mchana

Kutoka Dar, panda basi la alfajiri pale Mbezi. Ni kama kilomita 500, na kwa malori na mizani hesabu saa nane hadi kumi. Alfajiri ina faida yake. Barabara inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita kama 50, na mchana utaona swala, twiga, pengine tembo, bila kulipa chochote. Usiku utaona taa za lori la mbele. Wengine sasa wanachukua treni ya SGR hadi Morogoro kisha basi la Iringa pale Msamvu. Ni raha zaidi, ila uwe tayari kusubiri nafasi kwenye mabasi yanayopita.

Kutoka Mbeya unapita Makambako na Mafinga. Kama mna gari lenu, Isimila mtaipita kabla ya kufika Iringa, kilomita 20 hivi kabla ya mji. Simameni hapo hapo mmalize kazi, msije mkairudia kesho.

Stendi kuu iko Igumbilo, nje ya mji kando ya barabara kuu. Mji wenyewe uko juu kilimani, utapanda na daladala au bajaji. Patana bei ya bajaji kabla mabegi hayajapakiwa.

Hatua ya 6: Siku ya mjini

Watu huiona Iringa kama kituo cha kubadilishia gari, na hapo wanapunjika. Mpe mji siku nzima. Pia mwili unapumzika na barabara kabla ya kuanza nyingine.

Asubuhi nenda Isimila kama hujapita. Ni korongo lenye nguzo za udongo na mchanga zilizochongwa na mmomonyoko, na chini yake zilipatikana zana za mawe za watu wa kale. Nenda kabla ya saa nne, kule bondeni jua likisimama hakuna upepo. Vaa viatu vinavyoshika ardhi. Mwongozaji wa pale mlipe, maelezo yake ndiyo yanayokufanya uone shoka la mawe mahali ambapo macho yako yaliona kokoto.

Mchana rudi mjini, uingie Iringa Boma, jengo la enzi za Wajerumani ambalo tangu 2016 ni makumbusho ya mkoa. Ni padogo, saa moja inatosha, na utapata picha ya Wahehe, Wabena na wengine wa huku kabla hujakutana na historia ya Mkwawa. Kisha tembea sokoni.

Jioni panda jiwe la Gangilonga. Mji wote unaonekana, na machweo yake wenyeji wenyewe wanayafuata. Msipande na vitu vya thamani, na shukeni kabla giza halijashika.

Kalenga, kwenye makumbusho ya Mtwa Mkwawa, usiende siku hii. Iko kwenye barabara ya Ruaha, utaipitia. Nitaeleza lini.

Hatua ya 7: Malipo na manunuzi, jioni hiyo hiyo

Viingilio vya TANAPA hulipwa kwa namba ya kumbukumbu, kwa simu, benki au kadi. Kiwango walichozoea Watanzania kwa Ruaha ni Sh 5,000 kwa mtu mzima kabla ya VAT. Watoto hulipa pungufu, na walio chini ya miaka mitano hawalipi. Viwango hutangazwa upya mara kwa mara, kwa hiyo vihakikishe na ofisi ya hifadhi. Kama dereva ndiye atakayeshughulikia, mpe majina na umri wa kila mtu leo.

Tiketi ni ya saa 24, na hapa pana ujanja halali. Ukiingia saa 12 asubuhi Jumamosi, saa zako zinaisha saa 12 asubuhi Jumapili, kabla hujafaidi alfajiri ya pili. Ukiingia saa sita mchana, unapata jioni ya Jumamosi na asubuhi nzima ya Jumapili kwa tiketi moja, na hizo ndizo nyakati wanyama wanapotembea. Hii inawafaa wanaolala ndani. Tiketi ni ya kuingia mara moja, kwa hiyo anayelala Tungamalenga aulize getini utaratibu kabla hajatoka nje.

Nunua Iringa: maji ya kutosha (hesabu lita tatu kwa mtu kwa siku), mkate, matunda, mtindi wa hapa hapa Iringa, nyama kama mtapika. Jaza mafuta Iringa. Toa pesa Iringa. Baada ya kutoka mjini usitegemee ATM.

Hatua ya 8: Barabara ya kwenda

Ondokeni saa tatu asubuhi mkitaka kuingia saa sita. Mbele barabara inagawanyika, na njia zote mbili zinafika hifadhini. Ile ya Tungamalenga ndiyo yenye maduka na kambi. Mvua ikiwa imenyesha, dereva aulize wenzake kabla ya kuondoka, kwa sababu hali yake hubadilika wiki kwa wiki. Vumbi ni jingi, funga kamera kwenye kitambaa.

Mkishalipa na kuingia, mtavuka daraja la Ibuguziwa juu ya Ruaha. Punguzeni mwendo pale, chini kuna viboko.

Hatua ya 9: Mkiwa ndani

Amka gizani, uwe barabarani mara tu jua linapochomoza. Zunguka hadi saa nne, rudi ule na upumzike, toka tena saa tisa na nusu. Mchana kati ni wa kulala, kwenu na kwa simba.

Kiangazi anzia Mwagusi. Mto ni mchanga mtupu juu, lakini tembo wanachimba kwa mkonga na miguu hadi wapate maji, na wanyama wengine wanasubiri zamu nyuma yao. Zima injini, kaeni nusu saa. Wanaokimbiza gari kutafuta simba huona kidogo kuliko wanaokaa kimya karibu na maji. Tazameni pia wale ambao hifadhi za kaskazini haziwapi kwa urahisi: tandala mkubwa na tandala mdogo mahali pamoja, swala wakubwa wanaoitwa korongo na palahala, na mkibahatika, mbwa mwitu. Faru usimtafute.

Usishuke kwenye gari isipokuwa sehemu zilizoruhusiwa. Usitoke nje ya njia, usipige honi, usifungulie muziki, usilishe mnyama. Nyani na tumbili wa sehemu za kulia chakula ni wezi waliobobea, funga madirisha. Tembo akitandaza masikio na kukukabili, dereva arudi nyuma taratibu, na hakuna wa kupiga kelele. Giza likiingia gari liwe limeshafika mnapolala.

Safari ya miguu na askari mwenye silaha ipo kwa malipo ya ziada. Iulizie siku kadhaa kabla, si asubuhi ya siku hiyo.

Hatua ya 10: Kurudi kwa kupitia Kalenga

Hapa ndipo Kalenga inapoingia. Wakati wa kwenda mna haraka, wakati wa kurudi mna mchana mzima, na makumbusho iko wazi saa za kazi. Fuvu la Mkwawa liko pale. Wajerumani walilichukua baada ya kifo chake mwaka 1898, likatajwa hadi kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, na likarudi Kalenga mwaka 1954. Ingieni kwa heshima na muulize kabla ya kupiga picha. Laleni Iringa usiku huo, basi la nyumbani ni kesho asubuhi.

Mambo yakienda kombo

*Namba ya malipo haikubali.* Mara nyingi ni mtandao. Jaribu mtandao mwingine wa simu au kadi. Ndiyo maana nilisema mshughulikie jioni mkiwa mjini, maana njiani mtandao hukatika.

*Watu wawili wamejitoa siku mbili kabla.* Mwambie mwenye gari mara moja, mara nyingine ana wageni wawili waliokosa gari. Asipokuwa nao, gawaneni upya au mpunguze mzunguko mmoja. Msipunguze usiku wa kulala.

*Gari lililoletwa silo mlilokubaliana.* Kataeni mkiwa bado mjini, kabla ya kulipa nusu iliyobaki. Mkishafika Idodi, kijiji cha njiani, hamna sauti tena.

*Mtoto anatapika Kitonga.* Kona zile hazina huruma. Mkalishe mbele, apate hewa, asile mafuta kabla ya mlima. Nyanya za Ilula zitamsubiri juu.

*Mbung'o wamewashambulia.* Fungeni vioo na mwendelee. Wengi wako vichakani, mkitoka kwenye uwazi wanapungua. Mkipata homa baada ya kurudi, nendeni hospitali mkaseme mlikuwa porini Ruaha, msinunue dawa ya malaria dukani na kukaa kimya.

*Mvua imefunga njia za ndani.* Bakieni kwenye barabara kuu za hifadhi karibu na Msembe, au badilisheni safari. Walio upande wa Mbeya wana Hifadhi ya Kitulo, ambako mvua hizo hizo ndizo zinazoleta maua, Desemba hadi Aprili.

*Basi la kurudi limejaa.* Mabasi ya Mbeya, Njombe na Songea yanapita Iringa yakielekea Dar, na mengi yanafika yakiwa na abiria tele. Kateni tiketi ya kurudi siku mliyofika, kwenye basi linaloanzia Iringa.